Miiba ya buluu, faneli, dishi au kuta nyeupe: kuchagua picha ya chumba cha kupimia antena

Mwalimu mmoja wa fizikia alikuja karakanani kwangu Mlandege, Unguja, ninakochapa picha kubwa za ukutani, akiwa na picha nne ndani ya simu na swali moja: ipi kati ya hizi iwekwe kwenye ukuta wa maabara? Zote nne zilikuwa picha za vyumba vya kupimia antena, vile ambavyo kuta zake zimejaa miiba ya sponji hadi darini. Nilimjibu kwa pupa. Nikamchagulia ile iliyonivutia mimi, na ilipokwisha kubandikwa tukaona wote wawili kwamba nimekosea, kwa kuwa picha iliyopendeza kwenye kiganja iligeuka zulia la vitone mbele ya dawati la kwanza. Gharama ya kuichapa upya niliibeba mwenyewe, na tangu hapo simchagulii mtu kabla ya kumuuliza maswali. Ulinganisho huu umetokana na maswali hayo, na nimeuandika kwa ajili ya waalimu, wenye nyumba za wageni, wachoraji na wabunifu wa vitambaa ambao wamekwama pale pale alipokwama yeye.

Kwa asiyevijua vyumba hivi, kila kimoja ni sanduku la chuma lililozibwa pande zote ili mawimbi ya redio ya nje, yakiwemo ya minara ya simu na ya vituo vya utangazaji, yasipenye. Kwa ndani sanduku hilo huvikwa vitu vinavyomeza mawimbi, ili yale yanayotoka kwenye antena inayopimwa yasigonge ukuta na kurudi kuharibu kipimo. Antena iliyomo humo huwa kana kwamba imening'inizwa angani, mahali pasipo ardhi wala jengo. Wataalamu huviita vyumba visivyo na mwangwi, jina walilolichukua kwa watu wa sauti, ambao walikuwa na vyumba vyao kabla. Jambo la kukumbuka wakati wote wa kuchagua ni kwamba uzuri wake haukutafutwa na mtu. Msumari wa shaba kwenye mlango wa Mji Mkongwe siku hizi ni pambo, na fundi akiuacha mmoja mlango utafungwa vile vile. Lakini katika chumba hiki kila ncha na kila mteremko umewekwa kwa sababu wimbi limetaka hivyo.

Vigezo

Natumia vigezo vinne, na kila aina ya chumba nitaipima kwa hivyo hivyo. Cha kwanza ni sababu ya umbo: mtazamaji akiuliza kwa nini chumba kiko hivi, je, picha yenyewe inaweza kumjibu? Cha pili ni rangi na mwanga, kwa sababu sebule ya Shangani yenye ukuta mnene wa mawe ya matumbawe na dirisha moja jembamba haifanani na darasa lenye madirisha pande mbili. Cha tatu ni umbali wa mtazamaji pamoja na uwezo wa picha kukuzwa. Ukuta wa mita 3 ukichapwa kwa nukta 100 kwa kila inchi unahitaji picha yenye upana wa nukta karibu 11,800, na picha nyingi zinazosambazwa kwenye simu hazifiki hata robo ya hapo. Cha nne ni nani atakayeishi nayo, maana picha ya kupita mbele yake kwa dakika moja si picha ya kukaa nayo kwa saa nane kila siku.

Chumba cha mstatili chenye piramidi

Hiki ndicho ambacho watu wengi wanakikusudia wanapotaja vyumba hivi. Kuta, dari na mara nyingi sakafu pia zimefunikwa piramidi za sponji ya poliyurethani iliyoloweshwa kaboni. Wimbi linapofika kwenye ncha hukuta hewa zaidi kuliko sponji, na kadiri linavyozama katikati ya piramidi ndivyo sponji inavyoongezeka na hewa inavyopungua, kwa hiyo halikutani na mpaka wa ghafla wa kulirudisha. Linaishia kuwa joto dogo lisilohisika kwa mkono. Urefu wa piramidi hufuata urefu wa wimbi. Wimbi la megahezi 300 lina urefu wa mita 1, na la gigahezi 10 lina sentimita 3 tu. Ndiyo maana vyumba vya masafa ya chini, yaani vya mawimbi marefu, huwa na piramidi zinazopita kimo cha mtu, na vya masafa ya juu, yaani vya mawimbi mafupi, huwa na za urefu wa kiganja. Mwanafunzi akishalijua hilo, anaitazama picha na kukisia chumba kimejengewa mawimbi ya namna gani. Kwa kigezo cha kwanza, picha chache zinaweza kushindana na hii.

Mpwa wangu, aliyesomea uhandisi wa mawasiliano ng'ambo, aliniletea piramidi moja iliyokatika, ambayo ingetupwa. "Usiishike nchani, mjomba, inavunjika," aliniambia kabla hata sijaipokea. Ilikuwa nyepesi kama ganda la nazi kavu, buluu kwa nje, na pale ilipokatika ilikuwa nyeusi tititi, ikaniachia masizi kwenye kidole gumba. Haina undugu na sponji za baharini zinazokuzwa na akina mama wa Jambiani, ambazo hunywa maji na kuvimba. Hii ukiiminya hurudi polepole, kana kwamba inafikiri kwanza. Niliisimamisha chini ya taa ya meza, nikaona jambo ambalo picha hailionyeshi vyema: upande mmoja uling'aa kwa ubapa, upande wa pili ulizama gizani, na ule mshazari baina yao ulikuwa mkali kama umekatwa kwa wembe. Zidisha mpambano huo wa mwanga na kivuli mara elfu kadhaa, ndipo utaelewa kwa nini ukuta mzima unaonekana kama unapumua mtu anapopita na taa mkononi.

Kuhusu rangi, buluu si ya sponji bali ni ya rangi iliyopakwa. Kaboni ni nyeusi, na chumba kilichoachwa cheusi humeza mwanga wa taa kiasi kwamba mafundi hupata tabu kuona wanachofanya. Rangi hupunguza tabu hiyo. Wengine huzipaka ncha peke yake rangi nyeupe, na hapo ukuta huonekana kama anga la nyota zilizopangwa kwa rula. Ukikutana na picha ya zamani ambayo kuta zake zinafanana na magodoro ya usumba, usidhani umedanganywa: katika miaka ya 1950 huko Marekani vinyonyaji, yaani vitu vya kumeza mawimbi, vilitengenezwa kwa nywele za wanyama zilizochovywa katika mpira wenye kaboni. Picha za namna hiyo zina haiba yake, ila mimi sijawahi kupata mteja wa kuzipenda.

Shida yake iko kwenye umbali, na hapo ndipo nilipoangukia. Piramidi nyingi ndogo zinazofanana, zikipunguzwa ndani ya picha isiyo na nukta za kutosha, huzaa mistari ya uongo inayopinda kama maji, ambayo haimo chumbani kabisa. Ikiwa mtazamaji atakaa karibu, chagua picha iliyopigwa karibu, yenye piramidi ishirini au thelathini zinazohesabika. Ikiwa ukumbi ni mrefu, chagua ile inayoonyesha kitu kikubwa katikati. Kituo cha Benefield katika kambi ya jeshi la anga ya Edwards, California, kina chumba cha karibu mita 80 kwa mita 76 na kimo cha mita 21, na ndege nzima ya kivita huingizwa humo. Chumba cha Maxwell cha Shirika la Anga la Ulaya, huko Noordwijk, Uholanzi, kina kuta za kimo cha mita 9, na ndani yake setilaiti husimama kama bibi harusi aliyezungukwa na mishumaa. Bila ya kitu cha kulinganisha nacho, ukubwa wa vyumba hivi haufahamiki.

Inamfaa mwalimu, na inamfaa mbunifu wa vitambaa kuliko mtu mwingine yeyote, kwa kuwa ni ruwaza iliyokwisha kujirudia yenyewe. Anayeupenda ule mpangilio wa mistari ya kabari kwenye mnara wa msikiti wa Bamnara pale Malindi hatahitaji kushawishiwa. Haimfai mtu wa kukaa nayo mchana kutwa kwa umbali wa mita moja, jicho huchoka.

Chumba cha faneli

Katika masafa ya chini, kuta za ubavuni za chumba cha mstatili huwa na kasoro: mawimbi huzifikia kwa mlalo mkubwa, na sponji haiyamezi sawasawa. Miaka ya 1960 wahandisi wa Marekani walipata njia ya kuepa shida hiyo kwa kukibana chumba upande mmoja hadi kiwe kama faneli, huku antena inayotuma ikiwekwa kwenye ncha na kinachopimwa kikiwekwa kwenye upande mpana. Mawimbi yanayogusa kuta karibu na ncha hufuatana kwa karibu sana na yale yanayokwenda moja kwa moja, hivyo hayavurugani nayo.

Kwa jicho, matokeo ni makubwa. Mistari yote ya piramidi hukimbilia sehemu moja, na hata mtu asiyejua lolote kuhusu redio huvutwa ndani ya picha. Ndiyo picha pekee kati ya hizi ambayo nimewaona wateja wakiisogelea bila kujitambua. Hata hivyo, kama inajieleza ni jambo la shaka. Mtazamaji hudhani kwamba mbano ule ni hila ya lenzi, na inakubidi umwambie kwamba chumba chenyewe ndivyo kilivyojengwa. Mahali pasipo mtu wa kueleza, maana yake hupotea na kubaki athari tu.

Rangi zake ni zile zile za chumba cha mstatili, lakini kiini chake huwa cheusi, kwa kuwa ncha haipati mwanga wa kutosha. Katika chumba chenye dirisha moja, giza hilo la katikati hukifanya chumba kizidi kuwa kizito. Katika ukumbi wenye mwanga mwingi hukipa kina ambacho hakina. Hukuzwa vizuri, kwani jicho halihesabu piramidi bali hufuata mistari, na nukta zikipungua kidogo hakuna anayelalamika. Inafaa mwisho wa ujia mrefu, mahali mtu anapoikabili akija. Kitandani siipendekezi, na mteja mmoja aliyepuuza ushauri huo aliirejesha baada ya wiki tatu.

Chumba chenye dishi

Antena yenye upana wa mita 1 inayofanya kazi kwenye gigahezi 10 inapaswa kupimwa kutoka umbali wa karibu mita 67, kwa sababu karibu zaidi ya hapo mawimbi huifikia yakiwa yamepinda kama mawimbi ya kisima kilichotupiwa jiwe. Majengo ya urefu huo ni ghali. Badala yake huwekwa kiakisi kikubwa kilichojipinda, ambacho hupokea mawimbi yaliyopinda na kuyarudisha yakiwa yamenyooka, na hivyo umbali mrefu hupatikana ndani ya chumba kifupi. Sisi tuliozoea mihrabu inayorudisha sauti ya imamu kwa maamuma hatuhitaji mchoro ili kulielewa wazo hili, ingawa kazi ya dishi hudai usahihi ambao mwashi wa chokaa hakuhitaji.

Kinachoipa picha hii sura yake ni kingo za dishi. Ukingo ulionyooka hutawanya mawimbi na kuyapeleka yasikotakiwa, kwa hiyo katika vyumba vingi kingo hukatwa meno marefu yaliyochongoka, na dishi zima huonekana kama jua la mtoto wa chekechea lililochorwa na mtu mwenye mkono usiotetereka. Uso wake ni laini na wa rangi moja, umezungukwa na bahari ya piramidi, na mvutano huo wa laini na miiba ndio unaoifanya picha itulie. Hapa kuna mahali pa kupumzisha macho. Hukuzwa bila ya taabu, na huvumilia mwanga wa mchana wa pwani, ambao huziua picha zenye giza kwa kuakisi dirisha juu yake. Kwa picha hii lakini omba karatasi isiyong'aa, la sivyo utajiona mwenyewe katikati ya dishi.

Kwa kigezo cha sababu, ni picha ngumu na nono kwa wakati mmoja: inahitaji maelezo ya dakika tano, lakini baada ya maelezo hayo haisahauliki. Inawafaa wanaokaa na picha kwa muda mrefu, ofisi na kumbi za mikutano. Mbunifu wa vitambaa hatapata mengi hapa isipokuwa pindo la kanga kutokana na yale meno, na pindo hilo, nakiri, lingependeza.

Chumba cheupe cha sakafu ya chuma

Aina hii hupimia vifaa vizima, kama vile kompyuta, mashine za hospitali na magari, ili kuthibitisha kwamba haviingilii redio za wengine. Sakafu huachwa ya chuma kitupu kwa makusudi, ikiwa badala ya ardhi, na kifaa huwekwa juu ya meza inayozunguka huku antena ikipanda na kushuka kwenye mlingoti, kati ya mita 1 na mita 4. Kuta huvikwa vigae vya feraiti, kauri yenye oksidi ya chuma, kila kimoja cha sentimita 10 kwa 10 na unene usiofika sentimita 1, ambavyo humeza mawimbi ya masafa ya chini bila ya kuhitaji piramidi ndefu. Juu ya vigae hivyo mara nyingi huongezwa vinyonyaji vifupi, kisha hufunikwa kwa paneli nyeupe, na ndipo chumba hupata ule weupe wa nyumba iliyopakwa chokaa kwa ajili ya Idi.

Wengi huipita picha hii wakidhani ni ofisi. Mimi naitetea. Weupe wake hukiongezea mwanga chumba chenye kiza, sakafu yake ya chuma hurudisha taswira ya kifaa kama maji ya kina kifupi Kizimkazi yanavyorudisha taswira ya ngalawa wakati upepo umelala, na haichoshi. Kwa yule atakayepata picha ya mlango wake kwa karibu, ipo zawadi nyingine: ukingo mzima wa mlango umepangwa vidole vidogo vya shaba vinavyonesa, mamia kwa mamia, vinavyobana fremu ili pasibaki hata ufa wa wimbi kupita. Fundi wa milango atalisoma jambo hilo kwa sekunde moja. Udhaifu wake ni kwamba sababu za umbo zimefichwa nyuma ya paneli, kwa hiyo picha haimfundishi mtu ambaye hana wa kumweleza.

Chumba cha mwangwi kwa makusudi

Naitaja kwa ufupi kwa kuwa wateja huichanganya na nyingine. Hiki ni kinyume chake: kuta ni chuma kitupu, hakuna sponji, na pangaboi kubwa za chuma zilizokunjwa pembe pembe huzunguka polepole ili kuyakoroga mawimbi yanayogongana huku na huko hadi yaenee sawa. Rangi yake ni ya fedha na kijivu, hukuzwa vizuri, na inavutia wachongaji na wafua mabati kuliko walimu. Ukiiweka kando ya picha ya piramidi, hapo hufundisha kweli, kwa sababu mtazamaji huona chumba kinachomeza na chumba kinachokataa kumeza.

Kabla ya kulipa

Mambo mawili hayategemei aina. Kuta zetu za mawe na chokaa hutoa unyevu na chumvi, na wakati wa masika karatasi iliyobandikwa moja kwa moja huvimba na kubanduka; chapa kwenye bamba la alumini au turubai ya fremu, uitundike ikiwa imeachana na ukuta kwa sentimita 2 au 3 ili hewa ipite. La pili ni haki ya picha. Picha za NASA kwa kawaida hazina hakimiliki, na zinaweza kuchapwa mradi usidai kwamba shirika hilo linaunga mkono biashara yako; mashirika mengine na kampuni zina masharti yake, na inafaa kusoma yale yaliyoandikwa kando ya kila picha kabla ya kuileta kwa mchapaji.

Kwa hali yako

Ikiwa ni ukuta wa maabara au darasa ambapo watoto watauliza maswali, anzia kwenye piramidi zilizopigwa karibu, na nafasi ikiruhusu weka chumba cha mwangwi kando yake. Ikiwa una ujia mrefu au ngazi ya nyumba ya wageni, na unataka mtu asimame, faneli itakufaa zaidi ya nyingine, mradi pana mwanga. Ikiwa ni ofisi ya kukaa kutwa, uamuzi uwe kati ya dishi na chumba cheupe: dishi ikiwa madirisha ni mengi, cheupe ikiwa ni machache. Kwa sebule ya Mji Mkongwe yenye dirisha moja, weka kando faneli na piramidi nyeusi hata kama unazipenda, au ziwekee taa yake yenyewe inayotoka ubavuni, kwa sababu taa ya mbele huzilaza piramidi na kuzifanya zionekane kama vigae. Kwa mbunifu wa kitambaa, chukua piramidi kwa ajili ya mji, yaani sehemu ya katikati ya kanga, na meno ya dishi kwa ajili ya pindo, kisha punguza rangi zibaki mbili kabla ya kwenda kiwandani. Na ikiwa huna hakika, fanya kama alivyofanya yule mwalimu mara ya pili: alichapa kipande cha nusu mita cha kila picha, akavibandika kwa gundi ya karatasi kwenye ukuta uleule, akaviacha kuanzia asubuhi hadi jioni, na akakaa kwenye dawati la kwanza.